Makapi ya zabibu nyekundu kwa baridi yabisi: nini hasa kinawapa watu nafuu?

#1 Mkulima_Hombolo
Mbukwenyi wakuu.

Zamani tukishakamua zabibu nyekundu za Makutupora hapa Dodoma, makapi yalikwenda shimoni au kwa ng'ombe. Siku hizi wanakuja watu na viroba, wanayabeba, wanayakausha na kuyasaga, halafu unga unauzwa kwenye vikopo vya gramu 250 kama dawa ya baridi yabisi. Maelekezo ni kijiko kimoja cha chakula kwenye uji, asubuhi na jioni. Wauzaji wanataja resveratroli, kemikali iliyomo kwenye ganda la zabibu. Wanunuzi wanarudi, tena si mmoja wala wawili, na maneno yao yanafanana: baada ya wiki mbili tatu vidole vinakunja, mkono unaweza kukamua nguo.

Naomba wenye kujua kemia na tiba wanijibu mambo mawili. Kwa kipimo hicho cha kijiko, inawezekana? Na kama haiwezekani, hao watu nafuu wanaitoa wapi?

#2 Dawa_Kaunta
Mkuu, kabla ya makapi tukubaliane ugonjwa. Huku kwetu kila kiungo kinachouma kinaitwa baridi yabisi, na hapo ndipo hesabu inapoharibikia.

Baridi yabisi yenyewe ni kinga ya mwili kushambulia utando wa ndani ya kiungo. Inapenda viungo vidogo, yaani vifundo vya vidole na kifundo cha mkono, inakuja pande zote mbili, na asubuhi viungo vinakuwa vigumu kwa zaidi ya nusu saa, mara nyingi saa nzima. Goti la mama wa miaka 60 linalouma akipanda ngazi na kutulia akikaa, hilo ni gegedu kulika. Kidole gumba cha mguu kilichovimba ghafla usiku, chekundu, hakivumilii hata shuka, hiyo ni jongo. Na kiungo kimoja kilichovimba chenye moto pamoja na homa ni cha hospitali siku hiyohiyo, maana usaha ukikaa ndani ya kiungo unamaliza gegedu kwa siku chache tu.

Haya ni magonjwa manne yenye njia nne tofauti. Hao wanunuzi wako, wangapi wamepimwa RF na anti-CCP, vile vipimo vya damu vya baridi yabisi?

#3 Mkulima_Hombolo
Wachache mno. Wengi wamejipa jina la ugonjwa wenyewe, au wamepewa na jirani.

#4 Kemia_ya_Mtaa
Nimeshika kalamu, tuhesabu.

Lipo jaribio lililochapishwa 2018: wagonjwa 100 wa baridi yabisi, makundi mawili. Kundi moja lilipewa gramu 1 ya resveratroli kila siku kwa miezi 3 juu ya dawa zao za kawaida, jingine likabaki na dawa za kawaida peke yake. Waliopewa resveratroli walipungukiwa na viungo vilivyovimba, na ESR na CRP zao, vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini, zikashuka. Kwa hiyo kemikali yenyewe si ya kubeza. Shida ni kipimo.

Mvinyo mwekundu una resveratroli ya miligramu moja au mbili hivi kwa lita. Kufikisha gramu 1 ungehitaji lita 500 na zaidi kwa siku, kwa hiyo anayesema "basi tunywe tu mvinyo wa Dodoma" aiweke kando hoja hiyo. Njoo kwenye makapi makavu. Tuwe wakarimu, tuyape miligramu 50 kwa kilo. Kijiko cha gramu 5, mara mbili kwa siku, ni gramu 10, ndani yake mna nusu miligramu. Hiyo ni pungufu mara 2,000 ya kipimo cha jaribio. Ungetakiwa kula kilo 20 za unga kila siku.

Na hata hiyo nusu miligramu haifiki nzima. Resveratroli inafyonzwa vizuri, ila utumbo na ini vinaifunga haraka kwa salfeti na glukuronidi. Inayobaki huru kwenye damu ni chini ya asilimia 1.

Jibu langu kwa swali la kwanza: kwa resveratroli peke yake, haiwezekani.

#5 Bwana_Shamba_Mpunguzi
Kemia yuko sawa, ila makapi hayafanani.

Zabibu nyekundu ya mvinyo inachacha pamoja na maganda yake siku tano hadi saba ndipo inakamuliwa. Pombe ikishatengenezeka inavuta rangi na kemikali nyingi za kwenye ganda, kwa hiyo makapi ya hapo yameshanyonywa. Zabibu iliyokamuliwa mbichi kupata mchuzi, kabla ya kuchacha, makapi yake bado yamebeba. Ukiyaangalia utayajua: yaliyochacha yamepauka na yananuka kama siki, ya mchuzi yana rangi ya damu ya mzee na yananata mkononi kwa sukari. Wauzaji wanachanganya yote kwenye kiroba kimoja.

Jambo linalonitisha zaidi ni viuatilifu. Mizabibu yetu inapigwa salfa kwa ubwiri unga, shaba na mankozebu kwa ubwiri vinyoya, na dawa inakaa palepale kwenye ganda. Lebo ya kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na si kila mkulima anazihesabu bei ikipanda. Makapi mabichi ni maji kwa zaidi ya nusu ya uzito. Ukikausha kilo tatu unapata kama kilo moja, ina maana mabaki ya dawa kwa kila kilo yamepanda mara tatu. Hapo mgonjwa anakula kila asubuhi na jioni.

#6 Mwana_Kondoa
Wakuu, msizike mimea yote pamoja na makapi. Naongeza mifano mitatu ya kemikali za mimea zenye uzito kamili kwenye viungo.

Ya kwanza, salisini ya gome la mti wa Salix. Kutoka hapo wanakemia walifika kwenye asidi ya salisili, na mwaka 1897 Felix Hoffmann wa Bayer akatengeneza aspirini safi. John Vane alionyesha 1971 kwamba inazuia utengenezaji wa prostaglandini, kemikali za mwili zinazoleta maumivu na uvimbe, akapata Nobel 1982.

Ya pili, kolchisini ya jongo, kutoka kwenye mmea wa Colchicum. Kemikali hiyohiyo iko kwenye Gloriosa superba, ule mtambaa unaotoa maua mekundu na njano yaliyopinda juu kama ndimi za moto, unaota kwenye vichaka vyetu wakati wa mvua. Tafadhali mtu asichimbe kiazi chake. Tofauti ya kipimo cha tiba na kipimo cha kuua ni ndogo sana, na kiazi hakina lebo. Dawa ya dukani kwa shambulio la jongo ni miligramu 1, kisha nusu miligramu baada ya saa moja, basi. Aliyekula kiazi anaanza kutapika na kuharisha baada ya saa kadhaa, kisha figo na uboho vinafuata.

Ya tatu ndiyo inayogusa baridi yabisi yenyewe: Tripterygium wilfordii ya China, kemikali yake kuu triptolidi. Jaribio la 2014 lilikuwa na wagonjwa 207. Waliofikia nafuu ya asilimia 50 baada ya wiki 24 walikuwa asilimia 46.4 kwa methotreksati (dawa kuu ya hospitali ya baridi yabisi) peke yake, 55.1 kwa mmea peke yake, na 76.8 kwa vyote viwili. Mmea ulisimama na methotreksati bega kwa bega.

#7 Dawa_Kaunta
Mwana_Kondoa, takwimu zako ni sahihi, malizia na upande wa pili. Mmea huo unapunguza mbegu za kiume, unasimamisha hedhi, na unaweza kuumiza ini na figo. Mgonjwa wa kawaida wa baridi yabisi ni mwanamke, na wengi wanaanza wakiwa bado katika umri wa kuzaa. Isitoshe, methotreksati kwenye jaribio hilo ilikuwa miligramu 12.5 kwa wiki, wakati kliniki tunaweza kupanda hadi 25. Pengine ilipigana na mkono mmoja umefungwa.

#8 Mama_wa_Uji
Nawasalimu. Kemia, kijiko cha chakula cha unga laini kilichojaa ni gramu 8 kwenye mizani ya jikoni, siyo 5. Rudia hesabu.

Pia nauliza manjano. Yale tunayaweka kwenye uji na pilipili manga, na wengi wanasema bora kuliko hayo makapi.

#9 Kemia_ya_Mtaa
Asante mama, nimekosea. Gramu 16 kwa siku ni miligramu 0.8, basi ni pungufu mara 1,250. Jibu halibadiliki ila hesabu iwe safi.

Kuhusu manjano. Kemikali ni kurkumini, na ushahidi wake ni mzuri kuliko wa zabibu, japo mdogo. Mwaka 2012 lilitoka jaribio la wagonjwa 45 wa baridi yabisi: kurkumini miligramu 500, au diklofenaki miligramu 50, au vyote. Waliotumia kurkumini walipata nafuu isiyopungua ya diklofenaki. Wagonjwa 45 ni wachache, na diklofenaki yenyewe inatuliza maumivu tu, haizuii mfupa kulika. Lishike hilo.

Sasa jikoni. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3. Gramu 1 ya kurkumini kwa siku inataka gramu 33 za unga, vijiko vya chai kumi hivi. Hakuna uji unaobeba hiyo ukanyweka. Hapo ndipo pilipili manga inaingia: utafiti wa 1998 ulitoa gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, na kurkumini kwenye damu ikapanda kwa asilimia 2,000. Watu wanaipenda namba hiyo, lakini ilianzia karibu na sifuri. Mafuta pia ni lazima, maana kurkumini haiyeyuki kwenye maji. Anayeitaka kama chakula akaange kijiko kimoja cha chai kwenye kijiko cha mafuta ya alizeti kwa moto mdogo nusu dakika, hadi harufu itoke, kabla haijawa kahawia, ndipo amwage kwenye uji na robo kijiko cha pilipili manga iliyosagwa muda huohuo.

Kinachokwenda vibaya ni hivi. Piperini inazuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, kwa hiyo fenitoini ya kifafa inaweza kupanda kwenye damu hadi mtu apepesuke. Anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda asiguse vidonge vya kurkumini bila kumwambia daktari. Vidonge vyenye kurkumini na piperini vimehusishwa na homa ya ini kwa baadhi ya watu, Italia 2019 na baadaye Marekani. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukawa kama chai ya rangi, acha siku hiyo.

Na nunua mzizi mkavu usage mwenyewe. Bangladesh waligundua wafanyabiashara wanang'arisha manjano kwa kromati ya risasi. Sumu hiyo huioni kwa jicho, unga wake unapendeza kuliko halali.

#10 Mifugo_Bahi
Mnazungumza kana kwamba kila kiungo kinachouma Dodoma ni kinga ya mwili. Nyie watu wa mjini mmesahau maziwa mabichi.

Brusela. Mfugaji anakunywa maziwa yasiyochemshwa, au anamzalisha ng'ombe aliyeharibu mimba bila glovu. Wiki kadhaa baadaye anapata homa inayokuja na kuondoka, jasho la jioni, nyonga, kiuno na magoti vinauma. Inatulia yenyewe wiki tatu, inarudi. Ukimpa mtu huyo unga wa makapi siku ambayo ugonjwa unataka kutulia, makapi yatapata sifa yote.

Tiba yake ni doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku pamoja na rifampisini, wiki 6 kamili. Wengi wanaacha wiki ya pili wakipata nafuu, na inarudi. Kipimo cha haraka peke yake hakitoshi, kinatoa majibu ya uongo pande zote mbili. Maziwa yachemke kabisa, siyo kupata joto la kuweka mtindi.

#11 Ilazo_Mashariki
Nimesoma hadi hapa hakuna aliyetaja lililo wazi. Nani kapima hicho kikopo kuna nini ndani?

Dawa za viungo zinazoitwa za asili ni miongoni mwa zinazochanganyiwa kwa siri steroidi kama deksamethasoni na prednisoloni, au diklofenaki. Marekani mwaka 2022 mamlaka yao ya dawa ilitoa onyo juu ya vidonge vya namna hiyo vilivyokutwa na deksamethasoni na diklofenaki bila kuandikwa kwenye lebo. Dalili za kujua: nafuu ndani ya siku moja au mbili, njaa isiyo ya kawaida, usingizi kupotea, uso kuwa mviringo kama mwezi baada ya wiki kadhaa, sukari na presha kupanda kwa mtu ambaye hakuwa nazo.

Hatari kubwa ni kuacha ghafla. Tezi za juu ya figo zikishazoea kupumzika, ukikata dawa siku moja unapata kutapika, udhaifu na presha kuporomoka. Ukishuku, usitupe kikopo. Nenda nacho hospitali mtu akupunguzie taratibu. TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, wanapokea taarifa za bidhaa kama hizo, na Mkemia Mkuu wa Serikali yuko hapahapa Dodoma.

#12 Mkulima_Hombolo
Ilazo, nimekusoma kwa makini. Kinachonisumbua ni kwamba wanunuzi wanasema wiki mbili hadi tatu, siyo siku mbili. Kwa maelezo yako steroidi ingefanya haraka.

Jambo nililosahau kuandika juu: kikopo kinakuja na masharti. Mwezi mzima usile nyama nyekundu, usinywe pombe ya aina yoyote, unywe maji lita mbili.

#13 Mwana_Kondoa
Mkulima, umeficha jibu hadi post ya 12! Masharti hayo ni ya jongo. Bia ina purini na pombe inazuia figo kutoa asidi ya yuriki. Mtu wa jongo akiacha bia na nyama choma mwezi mzima na kunywa maji, mashambulizi yanapungua hata ukimpa unga wa chaki. Na shambulio la jongo linajiishia lenyewe ndani ya wiki moja hadi mbili. Wateja wako wengi ni wanaume au wanawake?

#14 Mkulima_Hombolo
Wanawake zaidi. Tena wengi hawanywi.

#15 Mwana_Kondoa
Basi jongo imenitupa mkono. Labda robo yao tu.

#16 Upepo_wa_Julai
Mimi naona ni majira. Dodoma baridi na upepo vinakaa Juni hadi mwanzo wa Agosti, na hapo ndipo kila mwenye kiungo kibovu analia. Mavuno ya pili ya zabibu ni Agosti hadi Septemba. Unga mpya unaingia sokoni wakati joto linarudi. Mtu ananunua akiwa kwenye kilele cha maumivu, na kilele hakina pa kwenda ila kushuka.

#17 Bwana_Shamba_Mpunguzi
Hoja nzuri, lakini kuna mavuno mengine ya Februari na Machi. Unga wa Machi unaliwa Aprili na Mei, ukielekea baridi. Kama ni majira, wateja wa Machi walitakiwa kuwa wabaya zaidi kufika Juni na kuusema vibaya unga. Mkulima, wa Machi wanasemaje?

Wakati tunasubiri, kwa wanaokausha, maana najua hawataacha: makapi yasilale kwenye kiroba hata usiku mmoja. Yanapata joto lenyewe, ukungu unaanza kabla hujauona, na zabibu zina ukungu unaotengeneza okratoksini inayoumiza figo. Kumbukeni sumukuvu ya mahindi ya 2016 hapa Dodoma na Manyara, watu walikufa. Ndani ya saa tatu nne tangu kukamua, tandaza kwenye kichanja chenye wavu, unene usizidi sentimita 2, kivulini penye upepo, geuza kila saa siku ya kwanza. Jua kali linaunguza rangi ya ganda. Ganda likiwa tayari linavunjika kama jani la chai, likipinda bado. Mbegu zitenge kwa chekeche kabla ya kusaga, zina mafuta na zinaufanya unga uchache ndani ya wiki chache. Ukinusa harufu ya rangi ya mafuta, mwaga.

#18 Singida_Mjini
Jirani zenu tuongeze moja. Visima virefu vya ukanda wetu, Singida na baadhi ya maeneo ya Dodoma, vina floraidi nyingi. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtu aliyekunywa maji yenye nyingi kuliko hiyo kwa miaka mingi mifupa inakuwa mizito, kano za uti wa mgongo zinakakamaa, shingo haigeuki, viungo vinauma. Anaambiwa baridi yabisi. Angalia meno ya waliokulia hapo, yenye madoa ya kahawia. Makapi hayatoi floraidi kwenye mfupa, ila akihama kisima kwa ajili ya kufuata sharti la "maji safi lita mbili" huenda mwili ukamshukuru.

#19 Neema_Kongwa
Samahani kuingilia. Mama mdogo ameandikiwa methotreksati na ameshaanza unga huo. Aendelee na vyote?

#20 Dawa_Kaunta
Neema, hili lisubirishe mengine yote. Methotreksati ni mara MOJA KWA WIKI. Siyo kila siku. Watu wamekufa kwa kuinywa kila siku, wakifikiri ni kama dawa ya presha. Chagueni siku, mfano Jumatatu, muandike kwa kalamu nzito juu ya boksi. Foliki asidi anywe siku nyingine kama alivyoelekezwa. Apimwe picha kamili ya damu na ini kwa ratiba aliyopewa, asinywe pombe, na kama bado anaweza kushika mimba asiipate akiwa kwenye dawa hii. Vidonda mdomoni, homa au michubuko isiyo na sababu: hospitali siku hiyo.

Unga auache. Sababu siyo kudharau mimea. Ini likipanda kwenye kipimo, daktari atashindwa kujua ni methotreksati, ni kiuatilifu, ni ukungu au ni kilichochanganywa kwa siri, na atalazimika kusimamisha dawa inayookoa vidole vyake. Ila kwa maneno ya Ilazo hapo #11, apeleke kikopo kliniki kwanza kama ameshautumia wiki kadhaa. Miezi ya mwanzo ya ugonjwa ndiyo ya thamani, mfupa ukishalika haurudi.

#21 Neema_Kongwa
Ahsante sana. Alikuwa anakunywa kila Jumatano na Jumapili, narudi kumpigia sasa hivi.

#22 Dawa_Kaunta
Mpigie hospitali walikomwandikia pia, leo hii. Wape kipimo cha kidonge na idadi.

#23 Kemia_ya_Mtaa
Neema tujulishe.

Mkulima, nimelala na swali lako nikaamka nalo. Nilisema resveratroli haiwezekani na sijabadilika. Ila ganda na mbegu vimejaa kitu kingine, tanini za jamii ya proanthosianidini, na hizi hazipimwi kwa miligramu, gramu 16 za unga zinaweza kubeba karibu gramu nzima. Haziingii kwenye damu zikiwa nzima. Zinashuka hadi utumbo mpana, bakteria wanazivunja kuwa asidi ndogondogo, na hizo ndizo zinazoingia. Unga huo pia ni nyuzinyuzi tupu, na bakteria wakila nyuzinyuzi wanatoa asidi fupi za mafuta zinazotuliza seli za kinga. Mabadiliko ya bakteria yanaweza kuchukua wiki mbili tatu kutulia. Unaona muda unavyolingana na maneno ya wateja?

#24 Ilazo_Mashariki
Kemia, muda unalingana pia na steroidi ya kipimo kidogo na kikopo cha pili kilichochanganywa zaidi ya cha kwanza. Bila kupima kikopo tunapiga ramli.

#25 Mama_wa_Uji
Na unalingana na mtu aliyeanza kula uji wa ulezi kila asubuhi wakati zamani alishindia chai kavu. Msiusahau uji.

#26 Fundi_Maabara
Tatizo la uzi huu ni kipimo cha nafuu. "Vidole vinakunja" hakiwezi kulinganishwa na kitu. Mkulima, kama wateja wako wako tayari, waandike mambo matatu wiki mbili KABLA ya kufungua kikopo na wiki sita baada yake. Ukitaka kugawa vikopo viwili, kimoja cha makapi na kimoja cha pumba yenye rangi, huo tayari ni utafiti kwa binadamu na unahitaji kibali cha maadili. Kuandika daftari hakuhitaji.

La kwanza, nguvu ya mkono. Chukua mkanda wa mashine ya presha ya mkono, ukunje mara mbili, ujaze hewa hadi mshale usimame 20. Mgonjwa aubane kwa nguvu zote mara tatu, andika namba ya juu kila mara, chukua wastani. Mkono wa kulia na wa kushoto kila mmoja peke yake, saa ileile ya siku.

La pili, uvimbe. Uzi wa cherehani kuzunguka kifundo cha katikati cha kidole cha kati, weka alama, pima kwa rula. Usiukaze.

La tatu ni dakika za ugumu wa asubuhi, na hapa wengi wanakosea. Wanahesabu tangu watoke kitandani, wakati wameshalala macho nusu saa wakisubiri vidole vilainike. Saa ianze kuhesabu anapofumbua macho, isimame anapoweza kufunga kifungo cha nguo bila kukikazia meno.

#27 Mkulima_Hombolo
Nimenakili yote. Mkanda wa presha upo zahanati, nitaomba. Wateja wa Machi ninao namba zao, naanza na hao. Neema, mama mdogo amesemaje?

#28 Neema_Kongwa
Tuko njiani, wamesema aje leo na vidonge vyote na kikopo.